Safari Hii Anzia Kichwani

Mdogo wangu mpenzi, Redio wetu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo, na huyo mtoto wenu ambaye nasikia ameota meno mawili na tayari anauma wageni. Natumaini nyote hamjambo, kazi yako ya kunadi inakwenda vizuri, na yale mafua uliyokuwa nayo yamekwisha. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini akishakaa kwenye cherehani anasahau kama ana miguu. Shemeji yako amenenepa, na siwezi kumsema kwa kuwa mpishi ni mimi. Duka langu la fotokopi lipo palepale, mkabala na lango la chuo cha uuguzi, na ile mashine bado inachagua siku yenye foleni ndefu ndiyo imeze karatasi.

Najua unajiuliza kulikoni. Dada yako ambaye kila Jumapili anakupigia simu mpaka mkeo anaanza kukohoa, leo kashika kalamu. Sababu nitakwambia, lakini si sasa hivi. Na ninavyokujua, kabla hujafika hapa umekwisha kugeuza karatasi ya mwisho uone inaishaje. Ndivyo Baba alivyotulea. Wewe hata hadithi za shule ulikuwa ukianzia ukurasa wa mwisho, halafu unatutangazia nani kafa wakati sisi ndio kwanza tunafungua kitabu. Basi nimekuwahi. Mwisho wa barua hii kuna salamu tu, kama barua zote za watu wenye adabu. Rudi huku juu, mpe mkeo mtoto, tafuta kiti, usome polepole. Safari hii anzia kichwani.

Wiki hii aliingia dukani msichana wa mwaka wa kwanza, sare yake bado ina mikunjo ya dukani, akaniomba nimtolee nakala ya makaratasi aliyoazima kwa mwenzake. Nilipoyaweka kwenye kioo cha mashine nikaiona ile herufi "k" yenye mguu uliovunjika. Maandishi ya Baba! Ni yale makaratasi yake ya somo la maneno ya kitabibu, nakala ya nakala ya nakala, yamefifia mpaka mistari mingine imebaki vumbi tu. Tangu astaafu, wanafunzi bado wanarithishana. Msichana alikuwa amekunja uso, akalalamika kwamba hii mikia ya maneno imemshinda, ataikariri lini yote, kichwa kinampasuka. Nikamwambia basi ana sefalaljia. Alinitazama kama mtu niliyemtukania mama yake. Ilibidi nimweleze kuwa sefalo ni kichwa na aljia ni maumivu, na kwamba kwetu nyumbani neno hilo tulilijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Hakuniamini, na simlaumu. Alipotoka nilikaa nyuma ya kaunta nikaikumbuka ile meza.

Unaikumbuka meza yetu, ile yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha ubao? Tukishakula, Baba anaifuta mwenyewe, anakung'uta makombo dirishani, halafu anashusha makopo yake mawili kutoka juu ya kabati. Kopo la maziwa lilikuwa la vichwa. Bati la biskuti lilikuwa la mikia. Kadi zenyewe alizikata kwenye maboksi ya chaki, kwa hiyo ukiigeuza kadi unakuta nusu ya picha ya chaki, au herufi mbili tatu ambazo hazisemi kitu. Alikuwa akiyajaribu kwetu masomo ambayo kesho yake angeyafundisha chuoni. Aliamini kwamba jambo likieleweka kwa watoto wawili wenye usingizi, litaeleweka hata kwa wanafunzi wa uuguzi waliotoka zamu.

Masharti yalikuwa mepesi. Unachomoa kichwa, unachomoa mkia, unaviunganisha, kisha unasoma kuanzia nyuma. Hapo Baba alikuwa halegezi kamba. Kichwa, alikuwa akisema, kinakupa anwani tu: tumbo, ini, figo, sikio. Habari yenyewe iko mkiani. Ukiona itisi, ujue huko kwenye anwani kunawaka moto, pamevimba na kuwa pekundu. Ukiona aljia, panauma. Skopi, wataingiza chombo wachungulie. Oma, kimeota kinundu, na usianze kulia kabla hujajua ni kinundu cha aina gani. Rafi, panashonwa. Ektomi, kitakatwa na kutolewa. Muuguzi anayekimbilia kichwa cha neno, Baba alituonya, atafika kwenye nyumba sahihi bila kujua kama amekuja harusini au msibani. Sisi wakati huo hatukuwa wauguzi wala hatukutaka kuwa, lakini tulitikisa vichwa kwa uzito wote.

Na kama kichwa na mkia havikuoana, mathalani umechomoa ukucha na skopi, hukuruhusiwa kurudisha. Ulipaswa kumtetea mgonjwa wako: ni nani, anafanya kazi gani, imekuwaje mpaka achunguliwe ndani ya ukucha. Hakimu alikuwa Mama. Alikuwa kule kwenye kona anashona sare za watu, mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, hasemi neno. Cherehani ikiendelea kulia, umeshindwa. Ikisimama, ujue amecheka, umeshinda. Baba naye alikuwa mchezaji kama sisi, na kila akitupa neno lake alikuwa anageuza shingo haraka kuangalia ile kona. Aliposhinda alifurahi kuliko mtoto, na wewe ulikuwa unamnunia mpaka asubuhi.

Halafu mikia ikatoroka kwenye bati. Baba akipandwa na hasira tulinong'onezana kuwa leo kuna babaitisi. Mama alipokupokonya ule mpira uliovunja kioo cha jirani, ikawa mpiraektomi. Shangazi aliyekuja kwa siku mbili akakaa mpaka tukasahau alikuja lini, tulisema nyumba nzima inaugua shangazialjia, na Baba, badala ya kutukemea, alitoka nje akaegemea ukuta akicheka peke yake. Mama aliupenda mkia mmoja tu, rafi, kwa sababu ulikuwa wa fani yake. Mteja akileta suruali iliyopasuka makalioni, Mama anampokea kwa heshima zote, anamsindikiza mpaka mlangoni, halafu anatuambia kwa uso mkavu kuwa mgonjwa wa surualirafi alazwe juu ya meza.

Na wewe, mdogo wangu, ulikuwa na mdomo kama chiriku. Baba ndiye aliyekubandika jina Redio, akasema tofauti yako na redio ni kwamba redio ina kitufe cha kuzimia. Nakumbuka jioni ulipochomoa laringo kwa mkono mmoja na ektomi kwa mkono mwingine. Hapo hukuhitaji kumtunga mgonjwa, neno lilikuwa la kweli. Baba alikushika kidole akakiweka juu ya zoloto lako, ndiyo laringo yenyewe, hapa kooni panapotoka sauti, akakuambia useme kitu. Ukataja jina lako, ukasikia pale ndani panatetemeka. Akakueleza kwamba kwa watu wengine sehemu hiyo huugua mpaka madaktari wakalazimika kuiondoa yote, na mtu huyo akaishi, akatembea, akala chakula chake, ila ile sauti yake haipo tena. Ulinyamaza. Sidhani kama uliwahi kunyamaza kabla ya siku hiyo. Kisha ukatangaza kwamba wewe afadhali wakukate miguu yote miwili. Cherehani ilisimama, na Baba akaangua kicheko mpaka akavua miwani.

Tangu hapo likawa neno la nyumba. Ukizidisha maneno mezani, Baba anaomba aletewe kisu cha mkate amfanyie huyu laringektomi, na wewe unashika koo kwa mikono miwili, unaizunguka meza mbio, na bado unaongea. Mwaka nenda mwaka rudi, mzaha uleule, na kila mara tulivunjika mbavu utafikiri ndiyo kwanza tunausikia. Wageni walitushangaa. Baba anamtishia mwanawe kumkata koo, na mama mtu kainamia cherehani mabega yanamtikisika.

Hata shemeji yako alipokuja kujitambulisha hakupona. Maskini, alikuja na shati jipya na hotuba aliyoikariri, Baba akamsukumia makopo. Akachomoa kardio na megali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasikiliza. Baba akamdokeza kuwa kardio ni moyo, na megali ni kukua kupita kiasi, sasa aeleze mgonjwa huyo ni mtu wa namna gani. Shemeji yako akakaa wima, akasema ni mtu mwenye moyo mkubwa, mkarimu, asiyeweka kinyongo. Baba akamjibu taratibu kuwa hao kwa kawaida huwa tunawalaza wodini. Cherehani ikasimama, nami nikajua nimeshaolewa.

Nakuandikia yote haya si kwa kuwa sina kazi. Nataka uwe umekaa kwenye ile meza pamoja nami kabla sijakupeleka kwenye chakula cha Jumapili ya juzijuzi.

Unajua sauti ya Baba imekuwa ikikwaruza kwa muda sasa. Wewe mwenyewe ulimtania kwenye simu kuwa amemeza msasa. Sote tulisingizia chaki. Mtu aliyekula vumbi la chaki maisha yake yote, tulisema, koo lake mlitaka liweje? Yeye naye hakutupinga. Basi Jumapili hiyo tulikuwa mezani watu wanne: yeye, Mama, mimi na shemeji yako. Baba akaweka kijiko chini, akangoja tunyamaze kama anavyolingoja darasa, akasema kwamba karibuni atafanyiwa laringektomi.

Wewe ungefanya nini? Shemeji yako maji yalimtoka puani. Mimi nilipiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka, nikamwuliza nani atamfanyia, na kisu cha mkate kiko wapi. Baba akatabasamu, akasema hapana, wao wana visu bora zaidi. Tukacheka upya. Nikamwambia sasa naye atayaonja aliyomwahidi mwanawe tangu utotoni. Akacheka na yeye, kile kicheko chake kipya cha kukwaruza, kisha akaomba asogezewe chumvi. Jioni yake akakupigia simu. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikakisikia kicheko chako kikitoka kwenye simu mpaka kwenye sinki. Ulichomjibu unakikumbuka, maana ulinisimulia mwenyewe kwa kujisifu: kwamba hatimaye Mama atapumzika, na kwamba wakishalitoa hilo zoloto akuwekee kwenye chupa.

Siku iliyofuata Mama alikuja dukani. Mama, ambaye havuki barabara ile bila sababu. Alikuwa na mfuko wa vitambaa, ili ionekane alikuwa na safari zake nyingine. Akangoja wanafunzi watoke. Kisha akaniuliza kama nilimtazama Baba usoni aliposema lile neno. Nikamwambia nilikuwa nacheka, sikumtazama mtu. Mama akasema tangu waoane, Baba hajawahi kutupa mzaha bila kugeuza macho kumtafuta yeye, aone kama amecheka. Hata kwenye misiba, akishindwa kujizuia na kunong'ona kitu, lazima amtazame. Jumapili ile alilisema lile neno, halafu akatazama sahani yake.

Alikuwa na mengine. Alisema siku hizi Baba hamwiti tena kutoka upande wa pili wa ua. Unajua alivyokuwa akimwita, mpaka jirani anaitika. Sasa akiwa na neno anainuka, anatembea mpaka Mama alipo, ndipo anasema. Mama alikuwa amejiambia labda uzee umemrudishia mapenzi, akafurahi moyoni na kunyamaza. Na maji anayanywa kwa mafunda madogo madogo, akikunja uso akidhani haonekani. Yote hayo aliyasema huku akinyoosha kitambaa juu ya kaunta yangu, kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo. Akaniomba nimwulize mimi. Akiuliza yeye, alisema, Baba atamletea mzaha mwingine, na safari hii hana nguvu ya kuwa hakimu.

Nilifunga duka mchana kweupe. Nilimkuta Baba nyumbani, chumba cha nyuma, makopo yake yote mawili yamefunguliwa, anazifuta kadi moja moja kwa kitambaa. Sikukaa. Nilimwuliza lile neno la Jumapili lilikuwa mzaha au lilikuwa kweli. Akajibu kuwa ni kweli. Alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima kutoka hospitali, akaona kwamba katika nyumba ile hakuna neno jingine ambalo lingeweza kuingia bila kumtisha mtu. Hakufikiria kwamba lingeingia kirahisi kiasi kile mpaka asiwepo wa kuliuliza limefuata nini.

Hiyo ndiyo habari, mdogo wangu. Nimeichelewesha kadiri nilivyoweza. Walimchungulia kooni, wakachukua kipande kidogo wakakipima, wakakuta kinundu, na ni cha ile aina mbaya. Daktari wa upasuaji ni kijana, mpole, alianza kuzungukazunguka akitafuta maneno laini. Muuguzi aliyekuwepo chumbani alikuwa mwanafunzi wa Baba zamani. Baba akawaonea huruma, akalisema neno mwenyewe, akaanza na mkia, kisha akataja kichwa, kama anavyolisema darasani. Yule muuguzi akageukia dirishani. Daktari anasema zoloto likitolewa mapema, Baba ana nafasi nzuri ya kuishi. Atakuwa anapumulia kwenye tundu hapa chini ya shingo. Zipo njia za kujifunza kuongea tena, na watamfundisha, lakini sauti ile tunayoijua ndiyo basi. Kinachotakiwa ni kutochelewa. Na Baba, hadi nilipomkuta, alikuwa hajakubali kupangiwa siku. Amewaambia ana wageni.

Nilipandwa na hasira, na wewe unanijua nikipandwa. Nilimwuliza wageni gani hao. Nilimwambia mwalimu mzima, aliyewafundisha watu chungu nzima kwamba ektomi haiwekwi mkiani kwa kumwonea mgonjwa, leo zamu yake imefika anapiga chenga kama mtoto anayekimbia sindano. Nilisema mengi, mengine nayajutia. Aliniacha nikamaliza. Alikuwa ameshika kadi, anaigeuza upande wa picha ya chaki, anairudisha upande wa maandishi. Kisha akasema neno moja, wala hakulipachika kichwa wala mkia. Alisema, "Naogopa."

Mimi sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Baba. Wewe je? Nilikaa sakafuni karibu na kiti chake, nikalia kama msichana mdogo, nikamwomba atusamehe kwa kucheka. Alinikataza. Alisema kicheko kile hakukipata bure, alikipanda mwenyewe kwa miaka mingi, na kwamba wewe ulipoomba uwekewe kwenye chupa alicheka kweli, si kwa kujikaza. Kwa hiyo usijilaumu. Ulimjibu kama alivyokufundisha.

Yeye kisu hakiogopi, aliniambia. Anachoogopa ni kuamka, atake kumwita Mama kutoka ng'ambo ya ua, na mdomo ufunguke hewa tupu. Anaogopa meza. Anaogopa kwamba tutaanza kumwonea aibu na kuzungumza mbali naye, au tutanyamaza wote kwa heshima, na nyumba nzima ipooze. Akafika kwako. Alisema miaka yote alikuwa anamwamuru yule mtoto afunge mdomo, na sasa anachokitaka kuliko dawa ni aje aongee. Aje na maneno yake yote. Anataka kukaa kwenye kiti chake akusikilize mpaka achoke, halafu akukatize, akutishie kwa kisu cha mkate kwa sauti yake mwenyewe, wakati bado anayo, umzunguke pale mezani na kitambi chako hicho. Mara moja tu. Hao ndio wageni wake.

Na kuna la pili. Anasema baadaye atahitaji mtu wa kumsemea kwa muda, kwa madaktari, kwa wanaokuja kumjulia hali, kwa jirani. Shemeji yako hafai, anacheka kabla hajamaliza sentensi. Mimi nina ulimi mkali, nitawafukuza watu. Kazi hiyo, anasema, aliitafutia mtu zamani bila kujua, akamlisha na kumvumilia. Ameniapia kwamba siku utakayoingia ndani ya nyumba hii, kesho yake asubuhi anakwenda kupangiwa siku. Mimi nimeshamkazia macho, hatoroki.

Sasa umeelewa kwa nini sikupiga simu. Ningeanza kukuambia, nawe ungenikatiza na mzaha kabla sijafika katikati, nami kwa mazoea ningecheka, na habari ingekupita kama ilivyotupita sote pale mezani. Nakuomba na wewe usimpigie Baba kumpa pole. Pole hazitaki. Omba ruhusa, mwachie mwingine apige kelele mnadani, mje wote watatu. Baba anataka mtoto asikie babu yake anavyoongea. Nilimwambia mtoto wa umri ule hawezi kukumbuka. Akasema yeye atakumbuka.

Mama nilimweleza jioni ileile. Hakulia mbele yangu. Aliinuka, akavuka ua kwenda alikokuwa Baba, nami nikawaachia nyumba yao. Cherehani imenyamaza tangu siku hiyo, na si kwa kicheko. Nguo za wateja zimepangwa juu ya kiti, na kila akiulizwa anasema zitakuwa tayari mwanawe akifika.

Shemeji yako anawasalimu, na ametaka kurekebisha ule mguu mfupi wa meza, Baba akamfukuza. Mama anawasalimu sana, na mtoto amemkatia kitambaa cha gauni, anasubiri kumpima. Majirani wote wanakusalimu, na yule wa kioo anasema amekusamehe. Mimi nakusalimu kwa moyo wangu wote.

Salamu za Baba siziandiki. Amenikataza. Anasema utazipata kwake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa hiyo njoo uzichukue.

Ni mimi,
dada yako.